Mama Aliponinusia

Harufu iliniacha mwezi wa saba, baada ya mafua yaliyonilaza siku nane. Homa ilipoisha niliamka, nikaenda jikoni kwetu Kawajense, mjini Mpanda, nikamkuta mama anakaanga vitunguu. Niliyaona mafuta yanachemka, nikavisikia vitunguu vinalia kwenye sufuria, lakini puani hakikuingia kitu. Nilisogeza uso mpaka mvuke ukanichoma shavu.

"Utaungua," mama akasema.

Nikamjibu kwamba pua bado imeziba. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya na mimi mwenyewe kwa wiki tatu. Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari alinimulika puani kwa tochi, akasema ndani ni safi, kilichoumia ni mishipa ya kunusia. Inaweza kupona baada ya miezi, au mwaka, na kuna watu haiponi kabisa.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza huku anaandika.

"Niko hotelini," nikasema. Sikumwambia kwamba mimi ndiye ninayechanganya vinywaji.

Kazi hiyo nilijifunzia Mwanza nikiwa binti wa miaka ishirini na kidogo, kwa mzee mmoja wa kaunta aliyenizoesha kunusa kila chupa kabla sijamimina. Niliporudi Mpanda kumwuguza baba, nikaajiriwa kwenye hoteli yenye bustani na ukumbi, na kwa miaka tisa kaunta ile ilikuwa yangu. Asali ya huku kwetu niliijua kwa pua. Ungeniletea kijiko nimefumba macho ningekwambia kama nyuki walikwenda kwenye maua ya mtundu au ya muba, miti ya misitu yetu. Watu walikuwa wananitania kwa hilo, na mimi nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Sasa ulimi ulibaki na mambo manne tu: utamu, uchachu, chumvi na uchungu. Chungwa likawa maji ya sukari yenye ukakasi. Chai ikawa joto. Wali wa mchele wa Mamba, kijijini kwao mama, ambao ukiiva nyumba nzima ilikuwa inajua, nikawa nautafuna kama karatasi iliyolowa. Mama akiniuliza kama umeiva vizuri, nilisema umeiva vizuri sana. Nilianza kula mchana peke yangu ili nisitazamwe usoni.

Kazini hakuna aliyejua. Wateja wetu wengi wanakunywa bia, na bia haihitaji pua ya mhudumu. Wachache walioagiza kokteli niliwatengenezea kwa vipimo nilivyovikariri. Nilikuwa nanusa chupa kama zamani, mbele za watu, naitikia kwa kichwa kana kwamba nimeridhika. Mwezi wa nane ukapita hivyo, wa tisa na wa kumi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja alikuja meneja mpya kutoka Dar. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye fulana nyeusi zenye picha za magitaa, na hakukaa wiki mbili akaniita ofisini.

"Dada'angu, wewe unapenda roki?"

"Roki ndiyo nini, bosi?"

"Muziki wa magitaa. Makelele."

"Mimi nimezoea kwaya."

Akacheka, akageuza laptopu nione. Alitaka kuonyesha muvi moja ya roki ukumbini siku ya Jumamosi alasiri, watu wakae na vinywaji vilivyotoka ndani ya muvi yenyewe. Vitano, kila kimoja na tukio lake. Alisema mji huu umechoka na bia na mpira, na mwenye hoteli amempa miezi mitatu ya kuonyesha tofauti.

Tuliitazama pamoja mchana ule. Kiingereza chao kilikuwa cha kukimbia, kwa hiyo yeye alikuwa anasimamisha na kunieleza. Kijana mmoja anatoka mji wa viwanda wenye baridi, anaanzisha bendi na wenzake watatu. Wanazunguka nchi kwa basi bovu la bluu. Wanapata jina. Yule kijana ananunua koti la ngozi, hataki tena kulivua hata akilala. Kisha anaharibikiwa, anagombana na kila mtu, anachoma gitaa lake jukwaani. Kuna siku mvua inawanyeshea watu uwanjani, yeye hayupo, na watu wanaimba nyimbo zake bila yeye. Mwisho anarudi kwa mama yake, anakaa jikoni, haimbi.

Mimi nilikuwa natazama mikono yake tu pale jikoni. Aliiweka mezani kama vyombo vya mtu mwingine. Meneja alinipa leso ya karatasi, nadhani akafurahi kwamba muvi imenigusa.

"Kwa hiyo," akasema, "Basi la Bluu, Koti la Ngozi, Gitaa Linaloungua, Mvua Uwanjani, na Jikoni kwa Mama. Koti linuke ngozi na wiski. Gitaa linuke moshi. Na hii ya mvua, dada, nataka mtu akiisogeza mdomoni akumbuke udongo uliopata mvua ya kwanza. Utaweza?"

Nje mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya vumbi iliyolowa, nimevuta pumzi mpaka kifua kikaniuma, na udongo haukuniambia chochote.

"Nitaweza," nikasema.

Siku nne nilihangaika. Niliandika daftari zima. Basi la Bluu halikunisumbua, kwa sababu tulikuwa na chupa ya kileo cha bluu isiyoguswa na mtu, nikaichanganya na nanasi na ndimu, rangi ikafanya kazi yake. Vilivyobaki nilivijenga kwa kukumbuka. Nilikaa stoo nimefumba macho, nakumbuka tangawizi inavyonuka, ukwaju unavyonuka, kisha najaribu kuvikutanisha kichwani. Mara ya kwanza ilikuja. Mara ya tatu haikuja sawasawa. Siku ya nne niligundua kwamba sikumbuki tena limau lilikuwaje, nakumbuka neno lake tu. Nilikaa juu ya kreti, nikalifunga daftari.

Jumanne mchana nilimpangia meneja glasi tano kwenye kaunta. Ya kwanza akaikubali. Ya pili akakunja uso kidogo. Ya tatu, ile ya gitaa, niliyokuwa nimeiwekea asali nyingi, aliigusa mdomoni akaitema kwenye sinki.

"Dada! Umeweka nini humu? Mafuta ya taa?"

Niliitwaa glasi nikanusa. Nilinusa kwa nguvu, mbele yake, na uso wangu ukatengeneza mshangao ambao haukuwa na kitu nyuma yake.

"Ni asali," nikasema. "Nadhani ni kidumu ilimokaa."

"Hukunusa wakati unamimina?"

"Nina mafua kidogo, bosi."

Alisukutua kwa maji mara mbili. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniambia nirekebishe, aonje tena Alhamisi saa tisa. "Ikishindikana nitamwita jamaa yangu wa Mbeya aje kusaidia. Usijisikie vibaya." Kisha akaongeza, "Nilisikia wewe ndiyo pua ya mji huu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilikuwa nahesabu nitakachoweza kufanya bila kaunta: kulima Kakese na wajomba, kuuza vitumbua, kufua. Nilijua kufanya kitu kimoja maishani, na kitu hicho kilikuwa kimekufa ndani ya kichwa changu bila kidonda wala makovu ya kumwonyesha mtu.

Lazima nieleze kuhusu mama. Mama ni Mpimbwe wa Mamba, na miaka yake yote ya ujana alipika pombe ya mtama. Sifa yake ilivuka vijiji. Alikuwa hahitaji kuionja ili ajue imefikia wapi, aliinama juu ya mtungi, akanusa mara moja, akasema kesho jioni, na ikawa kesho jioni. Kama nilizaliwa na pua, niliitoa kwake. Lakini kaka yangu mkubwa alianza na pombe ile ya nyumbani, akaendelea na gongo, na gongo ikamuua hajafika miaka thelathini na mbili. Wiki ya mazishi mama alimwaga mitungi yote shambani. Akasimama mbele ya altare, jumuiya yetu nzima ya kanisani inasikia, akasema hatapika tena kileo wala hakitagusa ulimi wake mpaka afe. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Kazi yangu ya kaunta aliivumilia. Hakuwahi kuniuliza siku yangu ilikuwaje.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikakaa chini.

"Mama, mimi sinusi."

"Hunusi nini?"

"Chochote. Tangu yale mafua."

Aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akarudi na kipande cha sabuni, akaniwekea puani. Nikatikisa kichwa. Akaleta dagaa. Nikatikisa kichwa. Kisha akavua kitenge alichokuwa amejifunga kichwani, kile anachokivaa kila siku, akanibandika usoni na kukishika hapo.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Akakaa. "Kwa hiyo chakula ulichokuwa unanisifia?"

"Nilikuwa nasema tu."

Nilimweleza yote, muvi, glasi tano, kidumu cha asali, jamaa wa Mbeya. Na nilipofika mwisho nilimwomba. Nilijua ninachomwomba. Nilijua kaka amezikwa wapi na mama alisema nini baada ya kumzika, na bado nilimwomba, kwa sauti ya mtoto anayedai nyonyo.

"Nilisema mbele ya altare," akanijibu.

"Kunusa tu, mama. Usinywe."

Alirudi kwenye mchele wake. Tulilala, na asubuhi, nilipokuwa navaa ili niende nikamwambie meneja ukweli, nilimkuta ameshaketi uani kwenye kigoda, mlango wa nje ameufunga kwa komeo.

"Lete hizo chupa," akasema. "Kabla wa jumuiya hawajaanza kupita."

Meneja alikuwa ameniruhusu kujaribia nyumbani, kwa hiyo kikapu cha chupa kilikuwa tayari. Nilizifungua moja moja. Chupa ya kwanza mama aliishika kwa mbali, ya pili akaisogeza mwenyewe puani. Sijawahi kuona mtu akirudi kwenye ujuzi wake namna ile. Alisukuma kidumu cha asali kwa mguu. "Hiki kilikaa mafuta ya taa. Katafute asali nyingine." Nilipochanganya alinusa, akafunga macho, akasema, "Mbele pana ukali, nyuma hapana kitu." Aliniambia nitoe maji ya ndimu kwenye Koti la Ngozi, niache maganda yake tu, na niweke chai ya rangi iliyokolea. Kwenye Jikoni kwa Mama akaniuliza huyo mama wa kwenye muvi alikuwa anapika nini. Nikasema sikuona, alikuwa anapiga pasi. Akafikiri. "Basi weka maziwa na masuku. Mama yeyote wa huku msimu huu ana masuku ndani." Masuku ni matunda ya porini, matamu, ya rangi ya udongo. Nikayaponda.

Mvua Uwanjani ilimchukua muda. Kisha akanituma kwa mfinyanzi nikanunue mtungi mpya mdogo, tukayalaza maji humo mpaka alasiri. Alipoyanusa akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Hii hapa mvua yenu. Weka tango na jini ya chupa kidogo, usiisumbue." Niliuinua mtungi usoni mwangu. Ulikuwa baridi.

Ikabaki ya gitaa. Zamani mama alikuwa anafukiza mitungi yake kwa kijinga cha moto cha mti wa mninga, kwa hiyo tulifukiza glasi vivyo hivyo, tukaifunika kwa sahani, nikamimina ramu, asali mpya na tangawizi. Alinusa. Akanusa tena. Akairudisha.

"Hiki siwezi kwa pua. Moshi unafunika kila kitu."

Palikuwa na kijiko juu ya kikapu. Ningeweza kusema tuache, vinne vinatosha. Ningeweza kumwambia meneja kwamba cha tano kimenishinda. Nilifikiria saa tisa ya kesho yake, nikafikiria kaunta ikiwa na mtu mwingine nyuma yake, nikakichukua kijiko, nikakijaza, nikamsogezea. Sikusema neno. Kama ningesema, labda angepata la kunikatalia.

Mama alikitazama kile kijiko. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

Alikaa na kile kinywaji mdomoni kwa muda mrefu, macho amefumba, na usoni mwake niliona kitu nilichokisahau tangu nikiwa mtoto, furaha ya mpishi wa pombe anayesikiliza pombe yake. Ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Alimeza. Akachukua kijiko kingine mwenyewe, na cha tatu.

"Punguza moshi. Asali nusu. Ongeza ndimu kidogo na chembe ya chumvi," akasema. Alijifuta mdomo kwa pindo la khanga, akainuka, akaingia ndani, na kitanda kikalia alipojilaza. Jua bado lilikuwa juu.

Alhamisi meneja alionja glasi ya gitaa akapiga kaunta kwa kiganja. Alisema hajawahi kuonja kitu kama kile hata Dar. Jumamosi saa kumi alasiri mapazia ya ukumbi yalifungwa, watu wakajaa, walimu, wafanyabiashara, watu wa maofisini, na wengine ambao sikuwahi kuwaona wakitoka nje ya nyumba zao. Glasi zilikuwa zinarudi tupu. Kwenye tukio la mvua mtu mmoja aliinua glasi yake juu, wengine wakamfuata, na meneja akanigeukia macho yamemjaa machozi.

Muvi ilipoisha aliwasha taa, akanivuta mbele. Walinipigia makofi. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, yeye alikuwa ameonja ile ya maziwa isiyo na kileo, akaniuliza, "Ulijuaje kuweka masuku?"

"Nilionja onja mpaka nikapata," nikasema.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza kama kawaida. Wakati wa komunyo ulipofika watu wa benchi letu walisimama, mimi nikasimama. Mama hakusimama. Alivuta magoti pembeni watu wapite, mikono ameilaza mapajani, macho ameyaelekeza kwenye vidole vyake. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alipita, akamtazama, akaendelea. Katika miaka kumi na moja hajawahi kukosa. Nilitembea kwenye mstari, na nilipofika karibu na padri nikatoka pembeni, nikarudi bila kupokea. Mama akasogea nikae. Hatukutazamana.

Nilitaka kumwomba msamaha njiani. Nilipofungua mdomo akasema, "Leo tununue nyanya, zimebaki mbili."

Jumatatu meneja alinisubiri na karatasi. Mwenye hoteli amefurahi, akasema, sasa itakuwa kila mwezi. Mwezi wa kumi na mbili muvi nyingine, vinywaji vingine vitano. "Wewe ni hazina, dada."

Mawazoni nilimwona mama kwenye kigoda, mlango umefungwa kwa komeo. Nikaona kijiko.

"Bosi, mimi sinusi," nikasema.

Alidhani natania. Nilimwambia tangu mwanzo, isipokuwa habari ya mama na kijiko; hapo nilisema tu kuna mtu wa nyumbani aliyenisaidia. Alikaa kwenye kiti, akasugua paji la uso. Akaniuliza kwa nini sikumwambia ile Jumanne. Nikasema niliogopa. Akasema, polepole, kwamba ningeweza kumpa mtu kitu chenye sumu bila kujua. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Hakunifukuza. Wiki ile ile jamaa wa Mbeya alikuja, kijana mpole, akapewa kaunta na daftari langu. Mimi nilihamishiwa nyuma, kwenye chumba cha kufulia na kupiga pasi mashuka. Kupitia ukutani nasikia anavyotikisa vinywaji. Ana haraka sana. Anamimina kabla barafu haijafanya kazi, lakini hajaniuliza.

Mama alikwenda kuungama kabla ya Noeli. Alikaa ndani muda mfupi, akatoka, hakuniambia padri alisemaje. Jumapili iliyofuata alipanga mstari wa komunyo na wenzake. Uani hatujawahi kulitaja lile jambo. Wakati mwingine anaponipakulia ananiambia mwenyewe, "Leo nimeunguza kidogo," ili nijue, na mimi najibu, "Haya, mama."

Miezi imepita na pua yangu bado. Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi shuka la chumba cha watu wawili, nikageuka kupanga foronya. Niliporudi moshi ulikuwa umeshapanda hadi dirishani, mweupe, mzito, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo nikipumua. Nilichomoa waya. Alama ya pasi ilikuwa katikati kabisa ya shuka, kahawia, imetoboka kwenye ncha. Kwa muda nililikunja lile shuka mpaka likawa dogo, nikatazama nyuma ya mashine ya kufulia, mahali ambapo hakuna anayefagia.

Kisha nikalikunjua, nikaenda nalo ofisini, nikagonga.